Raketi ya Kwanza Niliyoichagua Mwenyewe

Raketi yangu ya zamani ya tenisi ilikaa juu ya kabati miaka ishirini, ndani ya mfuko wa kitenge alioushona mama. Niliishusha Januari 2023, siku tatu baada ya kumpeleka mtoto wangu wa mwisho bweni kuanza kidato cha kwanza. Nyumba ilikuwa kimya. Nilipofungua mfuko, ngozi ya mpini ilibaki viganjani mwangu kama maganda ya vitunguu, na nyuzi mbili zilikuwa zimekatika zenyewe. Nikasimama katikati ya sebule, nikaizungusha polepole kama napiga fohendi, lile pigo la upande wa mkono unaoshika raketi. Bega lilikumbuka kila kitu.

Nilidhani kilichobaki ni kufunga nyuzi mpya tu. Kumbe ilinichukua mwaka mzima, na kiwiko kuuma kwa miezi, kuifikia raketi ninayochezea leo. Nawaandikia wanaorudi uwanjani baada ya miaka mingi, hasa akina mama wenzangu, maana mkono tuliouacha uwanjani siyo huu tunaorudi nao.

Nimekulia Arusha. Baba alikuwa mtunza viwanja vya udongo katika klabu moja. Alfajiri anamwagilia, anapitisha roli la kusawazisha udongo, kisha anachora mistari kwa chokaa. Sisi watoto tuliokota mipira. Wakubwa wakimaliza mchezo tuliachiwa uwanja kwa nusu saa kabla ya giza, na hapo kila mmoja alicheza na raketi iliyokuwepo. Hakuna aliyeuliza uzito wala ukubwa. Nilianza na ya mbao, nikapata ya aluminiamu iliyopinda kidogo, na nilipofika miaka kumi na saba mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniachia Wilson Pro Staff yenye kichwa cha inchi za mraba 85. Ilikuwa 1993, mwaka ambao Mmarekani Pete Sampras alishinda Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, kwa mara ya kwanza akiwa na raketi ya aina hiyohiyo. Sikulala usiku ule. Niliiweka kitandani, upande wa ukutani, ili wadogo zangu wasiikanyage.

Ilikuwa nzito, zaidi ya gramu 350 pamoja na nyuzi, na mpini wake ulikuwa mnene, namba nne. Nikajifunza kuibeba. Nilicheza nayo miaka kumi, nikahama nayo kuja Dar es Salaam nilipopata kazi ya ualimu, na nikaiweka juu ya kabati mwaka 2003 nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Fundi wa nyuzi nilielekezwa Kinondoni. Anafanyia kazi barazani kwake, kwa mashine ya mkono yenye jiwe linaloning'inia kwenye mtaimbo. Hana umeme wala vioo vya kuonyesha namba, lakini vijana wote wa viwanjani wanapeleka raketi zao kwake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Akaitoa kwenye kitenge, akaipitisha vidole pembeni, akaigonga kwa kucha na kuisikiliza. Fremu nzima, akasema, haina ufa. Ila vile vijitundu vya plastiki vinavyopitisha nyuzi vimekauka, na nyuzi zikigusana na fremu yenyewe zitasagika. Akaniuliza kama nataka kuichezea au kuitunza. Nikasema kuichezea. Akauliza umri, nikamwambia arobaini na sita. Akauliza mara ya mwisho nimecheza lini. Nilipojibu, aliirudisha kwenye mfuko wake kwa upole kabisa.

"Tafuta nyingine kwanza," akasema. "Hii utaniletea mkono ukisharudi."

Niliumia kidogo. Leo namshukuru. Raketi ya inchi 85 ina eneo dogo mno la katikati ambalo mpira ukigusa hutoka safi. Kijana anayecheza kila siku hulipata eneo hilo mara nyingi. Mtu wa miaka arobaini na sita aliyekaa miongo miwili bila kucheza hufika kwenye mpira akiwa amechelewa hatua moja, na mpira unagusa pembeni, fremu inajipinda mkononi, na kiwiko ndicho kinacholipa. Ndiyo maana dunia ilihama. Raketi za mbao zilikuwa na vichwa vya inchi 65 hivi, kisha mwaka 1976 Howard Head, yule aliyekuwa ametengeneza skii za chuma, akaleta raketi ya kampuni ya Prince yenye inchi 110. Siku hizi nyingi ziko kati ya 98 na 104. Na anayedhani kichwa kikubwa ni cha wasiojua kucheza amtazame Roger Federer. Alishinda mataji makubwa 17 kwa kichwa cha inchi 90, kisha mwaka 2014 akahamia 97, na baada ya hapo akaongeza mengine matatu.

Mimi wakati huo sikuyajua hayo. Nilimwandikia mtoto wa kaka yangu anayefanya kazi Dubai.

"Shangazi, unataka ipi?" akauliza.

Nikamtajia raketi ya bingwa mmoja kijana ninayempenda. Akauliza namba ya mpini, nikamjibu nne, maana ile ya zamani ilikuwa nne. Akauliza nyuzi, nikamwambia wamfungie kama za bingwa mwenyewe. Hayo ndiyo mashauriano yote niliyofanya juu ya kitu kilichogharimu karibu mshahara wangu wa mwezi.

Ilifika Machi. Wiki za mwanzo zilikuwa furaha tupu. Mpira ulikuwa unatoka kama jiwe la kombeo, na vijana wa uwanja wa pili waliacha kucheza ili watazame. Nikaanza kwenda mara tatu kwa wiki, kisha mara nne.

Katikati ya Mei niliamka, nikaenda jikoni, nikashika sufuria ya chai kuipua, na mkono ukaiachia. Haukuwa uzito. Ulikuwa moto mkali upande wa nje wa kiwiko, ukishuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Siku zilizofuata nilishindwa kukamua tambara la deki. Nilishindwa kuzungusha ufunguo wa geti. Darasani niliandika ubaoni kwa mstari wa chini tu. Nililaumu umri, nikalaumu kufua, nikalaumu kusahihisha mitihani. Raketi sikuilaumu hata mara moja, kwa sababu ilikuwa mpya na ya gharama, na kwa sababu ilitoka kwa mtoto wa kaka yangu.

Daktari alibonyeza kifupa cha nje ya kiwiko mara moja tu, nikaruka. Akaniambia ni kiwiko cha tenisi, maradhi ambayo hata mafundi rangi na wapishi huyapata. Pale ndipo zinapojishika kano za misuli inayoinua kiganja juu, na zikivutwa kupita uwezo wake kwa muda mrefu huanza kuchakaa. Akanipumzisha. Akanifundisha zoezi la kushika chupa ya maji ya nusu lita, kiganja kikitazama chini, naishusha polepole, kisha naiinua kwa kusaidiwa na mkono mzima. Mara kumi na tano, seti tatu, kila siku. Nililifanya nikisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili. Kabla sijatoka akasema sentensi iliyonirudisha Kinondoni: "Huu ni mkono unaokaba kitu kwa nguvu, mama. Chunguza unachokishika."

Fundi hakuhitaji hata kuishika raketi ile mpya. Aliziminya nyuzi kwa kiganja.

"Nani kakufungia polyesta?"

Nikamweleza.

"Hizi umewahi kuzikata?"

"Sijawahi."

"Basi hukuzihitaji."

Nikakaa kwenye benchi lake, akanifundisha huku akifungia watu raketi zao. Maelezo yake nayarudia hapa kwa lugha yangu ya ualimu wa fizikia. Uzi wa polyesta ni mgumu, hauvutiki sana. Sifa yake ni kwamba anayepiga kwa kasi kubwa anaweza kuuzungusha mpira kwa nguvu zote na bado ukaanguka ndani ya mstari. Dunia iliutambua vizuri mwaka 1997, Gustavo Kuerten wa Brazil, aliyekuwa wa 66 kwa viwango, alipochukua taji la Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, akiwa na nyuzi za polyesta za kampuni ya Luxilon. Lakini Kuerten alikuwa na miaka ishirini, na raketi zake zilifungwa nyuzi mpya kila mara. Polyesta hupoteza mkazo wake mapema, na ikishapoteza hubaki ngumu bila uhai. Mimi nilikuwa nimeichezea wiki tisa bila kubadilisha. Kila mpira ulikuwa unagonga ukuta, na ukuta ulikuwa unaegemea kiwiko changu.

Kuna nyuzi za utumbo wa ng'ombe, laini kuliko zote. Kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, walianza kutengeneza nyuzi za utumbo tangu 1875 na hakuna maabara iliyopata kitu kinachozizidi kwa mkono wenye maumivu. Ila ni ghali, na unyevu wa pwani ni adui yao. Kuna nyuzi za nailoni ya kawaida, za bei nafuu, zinazomfaa mtu yeyote anayeanza upya. Na kuna zile za nyuzinyuzi nyingi ndogo zilizosokotwa pamoja na kuunganishwa kwa gundi laini, ambazo zinajitahidi kuiga utumbo. Fundi alikata polyesta yangu kwa mkasi, akaanzia katikati akienda pembeni ili fremu isivutwe upande mmoja, akafunga hizo za kusokotwa kwa mkazo wa kilo 22.

Nilipoanza tena Julai, maumivu yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Raketi ileile. Mtu akinijia leo na kiwiko kinachouma, akiwa na hela ya kununua raketi nyingine, namwambia atoe kwanza hela ndogo ya nyuzi.

Zaidi ya nusu siyo yote, lakini. Siku nyingine nikiwa pale barazani nikamweleza fundi ile sentensi ya daktari juu ya kukaba. Akaniambia nishike mpini kama ninavyocheza, kisha nipitishe kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye nafasi iliyopo kati ya ncha za vidole na nyama ya kiganja. Kidole kimoja kinatakiwa kukaa pale kikijaa vizuri. Changu kilielea. Vilikaribia kuingia viwili.

"Mpini huu si wako," akasema. "Ni wa mwanamume mwenye mkono mkubwa."

Namba nne ina mzingo wa milimita 114 hivi. Mkono wangu ni namba mbili, milimita 108. Tofauti ni milimita sita, hazifiki upana wa punje ya hindi. Nikaona picha yangu ya miaka kumi na saba, kwenye udongo wa Arusha, nikiikaba raketi ya mtu aliyeondoka, nikiikaba kwa nguvu ili isizunguke, na nikiamini kwamba tenisi ndivyo ilivyo. Kila mpira niliowahi kupiga maishani niliupiga kwa mpini wa mtu mwingine. Nilijikuta natokwa machozi mbele ya mzee wa watu. Hakusema kitu. Alinipa maji, akaendelea kuvuta uzi wake.

Mpini mdogo unaweza kunenepeshwa kwa kuzungushia utepe wa juu, mmoja au miwili. Mnene haupunguziki kirahisi. Kwa hiyo ukiwa kati ya namba mbili na tatu, chukua mbili.

Raketi ya Dubai niliiuza kwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye mkono mrefu na bega la chuma. Alirudishia polyesta siku hiyohiyo, na mpaka leo anaipenda. Niliwaza sana juu ya jambo hilo. Ni chombo kizuri ambacho hakikuufaa mwili wangu.

Ndipo nikanunua daftari.

Dukani kwetu hakuna utaratibu wa kuazima raketi za majaribio kama ilivyo kwa maduka mengi ya Ulaya. Uliyoigusa ni ya kununua. Lakini klabuni kuna watu, na watu wana raketi mbilimbili. Kocha wetu, kijana wa umri wa mwanangu mkubwa, alinisaidia kuomba. "Mama, wewe sema unataka kujaribu nini, mimi nitaongea nao," aliniambia, na kweli katika miezi mitatu nikapata nne, kila moja kwa wiki mbili. Zote nilizifunga nyuzi za aina moja na mkazo mmoja kwa gharama yangu, kwa ruhusa ya wenyewe, la sivyo ningekuwa nalinganisha nyuzi nikidhani nalinganisha fremu.

Kwenye daftari niliandika vipimo vinne kwa kila raketi. Uzito, niliupima kwa mizani ya jikoni. Kitovu cha uzito, nilikipata kwa kuilaza juu ya ukingo wa rula mpaka itulie: raketi ya kawaida ina urefu wa sentimita 68.5, kwa hiyo ikitulia chini ya 34 kutoka kwenye kitako, uzito umeelemea mkononi. Ikizidi, umeelemea kichwani. Ukubwa wa kichwa umeandikwa. Na ukakamavu wa fremu, ambao hutajwa kwa namba: kuanzia 70 kwenda juu ni fremu kakamavu, 62 kushuka chini ni inayonyumbuka. Ile ya Dubai ilikuwa 71.

Watu wengi waliniambia, tena kwa kunitakia mema, kwamba mtu mzima anunue raketi nyepesi kuliko zote. Naomba hapa nisimame kidogo, kwa sababu ushauri huu umewaumiza wengi. Aliyewahi kutwanga anajua. Mchi mzito unauinua, unauachia, na wenyewe unafanya kazi kwenye kinu. Mchi mwepesi unakulazimisha uukandamize kwa mabega kila pigo, na jioni huwezi kuinua mkono. Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59 na unakuja kwa kasi. Ukikutana na raketi ya gramu 250, raketi ndiyo inayorudishwa nyuma, na mkono unaikamata. Ukikutana na raketi yenye uzito wa kutosha, mpira ndio unaorudi. Lakini mchi ukizidi nguvu zako, utautwanga vizuri kwa dakika kumi na baada ya hapo utaanza kuukosea kinu. Uzito sahihi ni ule mzito kabisa ambao bado unaufikisha kwenye mpira kwa wakati ukiwa umechoka. Neno la maana hapo ni kuchoka.

Kwa hiyo nilijiwekea masharti. La kwanza, sihukumu kitu katika dakika ishirini za mwanzo. Kila raketi ngeni ni tamu dakika hizo, kwa sababu unatazama mpira kwa makini kuliko kawaida yako. La pili, sihesabu fohendi za kupasha mwili. Nahesabu mipira niliyochelewa, bekhendi (pigo la upande wa pili wa mwili) ya kunyooshea mkono, sevu ya pili (pigo la kuanzisha pointi, la kwanza likikosa) nikiwa nyuma kwa pointi. La tatu ndilo ninalolithamini zaidi: siandiki alama mpaka kesho yake asubuhi, baada ya kuipua sufuria ya chai.

Ya kwanza ilikuwa na gramu 255, inchi 110, uzito wote kichwani. Karibu na wavu ilikuwa raha, ukiigusisha tu mpira unavuka. Lakini nilipocheza na watu wanaopiga kwa nguvu ilitetema kama bati la paa, na sufuria ya asubuhi ilisema kweli. Nikairudisha siku ya sita.

Ya pili ilikuwa gramu 315, inchi 98, nyuzi 18 za wima kwa 20 za mlalo. Hii ndiyo iliyonitesa moyo. Ilikuwa na utulivu wa ile ya ujana wangu. Slaisi ya bekhendi, pigo la kuukata mpira kwa chini, ilipita juu ya wavu kama inateleza, nami nikarudi kuwa binti wa mtunza viwanja. Seti ya kwanza nilimfunga mwenzangu 6–2. Seti ya pili kichwa cha raketi kikaanza kushuka, mpira ukawa unaishia kwenye wavu, na nikapoteza 1–6. Nilijaribu tena siku nne zaidi nikitafuta sababu nyingine. Hazikuwepo. Daftarini niliandika: "Hii naipenda. Inanizidi."

Ya tatu siielezi sana, ilikuwa gramu 300 na kakamavu, ndugu ya ile ya Dubai.

Ya nne haikuwa na chochote cha kuvutia macho. Gramu 285 kabla ya nyuzi, inchi 100, nyuzi 16 kwa 19, kitovu sentimita 33, ukakamavu 61, mpini namba mbili. Mwenyewe alikuwa dada mmoja mhasibu aliyekuwa mjamzito na amepumzika. Siku ya kwanza niliandika "kawaida". Siku ya pili "kawaida". Wiki ya pili niligundua kwamba nimecheza saa mbili bila kuiwaza raketi hata mara moja. Nilikuwa nawaza mpira uangukie wapi. Na asubuhi yake niliipua sufuria, nikamimina chai, nikaketi, na ndipo nikakumbuka kwamba nilitakiwa kusikiliza kiwiko.

Jina lake silitaji. Kila ninayemweleza habari hii huniuliza ni ya kampuni gani, na namuona anataka kwenda kununua mkono wangu. Pima wako.

Nilipokwenda kuinunua nilibeba mizani yangu ya jikoni kwenye mfuko. Sababu ni mbili. Kuna raketi za bandia zenye rangi na maandishi yaleyale, na mara nyingi uzito au ukamilifu wa vijitundu vya nyuzi ndivyo vinavyozisaliti. Pili, hata raketi halisi mbili za aina moja hazitoki kiwandani zikiwa sawa, hutofautiana gramu kadhaa. Muuzaji alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa 281, ya pili 289. Nilisimama pale nikizungusha hii na ile kwa muda mrefu, wateja wakipita, na kijana wa dukani akanivutia kiti bila kuniharakisha. Nikachukua ya 289. Ilikuwa Februari 2024, nikiwa na miaka arobaini na saba, na nilikuwa nimechagua raketi.

Mambo madogo niliyojifunza baada ya hapo yanahusu zaidi pwani yetu. Raketi haiachwi kwenye gari hapa Dar. Joto la buti la gari hulegeza nyuzi kwa alasiri moja. Utepe wa mpini ubadilishwe mara kwa mara, maana jasho la Machi likiulainisha unaanza kukaba tena bila kujua. Nyuzi zibadilishwe hata kama hazijakatika: fundi hufuata hesabu ya zamani kwamba ukicheza mara tatu kwa wiki, badilisha mara tatu kwa mwaka. Na mipira. Tunachezea mipira iliyokufa kwa sababu kopo jipya ni ghali, nami naelewa, nimeokota mipira utoto wangu wote. Lakini mpira uliopoteza hewa hauruki, unaugonga kwa nguvu zaidi ili ufike, na kiwiko kinajua. Sisi wanne tunaocheza pamoja Jumamosi tumeanza kuchangia kopo moja kwa wiki mbili.

Fundi alinikataza kuongeza kitu chochote kwenye fremu kwa miezi mitatu. Vijana hubandika vipande vya utepe wa madini mazito ya risasi kwenye kichwa cha raketi ili mpira uende zaidi. "Kwanza mzoeane," alisema. Mpaka leo sijabandika.

Desemba mwaka huohuo nilikwenda Arusha kwa Krismasi, nikabeba raketi zote mbili. Ile ya zamani fundi alikuwa ameifunga hatimaye. Alikuwa ametafuta vijitundu vya plastiki kwenye raketi mbovu za aina hiyo, akavikata na kuvilinganisha kimoja kimoja, na hakunitoza isipokuwa bei ya nyuzi.

Kile kiwanja cha udongo bado kipo. Baba hayupo. Nilicheza na mdogo wangu, yeye hakuwahi kuacha. Kwa raketi yangu mpya, mipira sita ya kwanza ilipita mstari wa nyuma, yote, kwa zaidi ya mita moja. Nikafupisha pigo, bado ilitoka. Mdogo wangu akasimama kwenye wavu, akanisubiri nitulie.

Kisha nikakumbuka ninachofundisha kidato cha tatu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiushiki mpira, na ndani ya mpira shinikizo linazidi la nje kuliko linavyozidi kule pwani, hivyo unaruka juu zaidi. Sheria za tenisi za dunia zinaruhusu mipira ya aina tofauti kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, na sisi tulikuwa na kopo la kawaida. Raketi niliyoichagua kwa hewa nzito ya Dar, inayonisaidia kuusukuma mpira, ilikuwa inausukuma mahali ambapo hauhitaji kusukumwa.

Nikaitoa ile ya 85 kwenye kitenge. Nikapiga fohendi, ikatua hatua mbili ndani ya mstari. Nikapiga nyingine. Udongo uliruka, na Meru ilikuwa wazi kabisa nyuma ya mdogo wangu, bila wingu. Sikuwa nimekosea kuipenda. Kwa hewa ile, kwa bega la miaka kumi na saba, isingekuwepo nzuri kuliko hiyo. Nilicheza nayo dakika ishirini na tano, mpaka kiganja kikaanza kukaba, nikaifuta udongo na kuirudisha mfukoni.

Jioni nilimpigia fundi Kinondoni kumtakia heri ya sikukuu. Nikamwambia nabaki Arusha hadi shule zifunguliwe, na mipira inatoka nje.

"Mtafute fundi wa huko," akasema. "Mwambie akukazie nyuzi kwa kilo moja na nusu zaidi. Ukirudi huku nitailegeza."

Kesho yake asubuhi, baada ya chai, nikaenda kumtafuta.